Pemba kwa Baskeli, Mkoani Hadi Kigomasha

Jumatatu usiku, 16 Septemba 2019, melini

Baskeli mbili tumezifunga kwa kamba kwenye nguzo, baina ya magunia ya vitunguu na friji la mtu. Baharia mmoja amezitazama, kisha akatutazama sisi wenyewe.

"Kwani Pemba gari zimekwisha?"

Yangu ni Phoenix nyeusi ya marehemu baba, haina gia wala madaha, ila ina karia ya chuma inayobeba polo zima la muhogo. Ya mpwa wangu ni ya mtumba, nyepesi kama ungo, gia ishirini na moja, na tangu bandarini Malindi, Unguja, hajaacha kunionea huruma. "Mjomba, kile chuma utakipandishaje vilima vya Pemba?" Nikamwambia mimi ni fundi cherahani, miaka ishirini na sita nimekanyaga, na kanyagio ni kanyagio.

Kisiwa kizima urefu wake ni kama kilomita 67. Kwa gari, aliyeshuka Mkoani, kusini, asubuhi anaweza kula chakula cha mchana Konde, kaskazini. Sisi tumejipa siku sita, na sharti letu moja: kila penye njia mbili, tunashika ile isiyo na gari.

Jumanne, Mkoani hadi Kengeja

Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani. Ni kweli, lakini wao walikuja kwa jahazi, hawakulazimika kutoka bandarini Mkoani na kupanda Uweleni kwa baskeli wakiwa na njaa. Tulikokota. Mpwa aliyekuwa na gia ishirini na moja naye alikokota, nami sikusema neno.

Vilima vya Pemba si virefu. Hakuna hata kimoja kinachofika mita 150. Tatizo lake havikomi. Unashuka bonde lenye mpunga, upepo unakuingia kifuani, unasema alhamdulillahi, na kabla hujamaliza kusema kipo kingine mbele yako. Tulikula vitumbua na chai ya tangawizi kwa bibi mmoja njiani, akatuuliza, "Mwatokapi?" Unguja. "Mwendapi?" Kigomasha. Akanyamaza kidogo. "Na gari?"

Mpaka Mtambile tulikuwa tukivumilia magari ya abiria na malori ya mchanga. Si mengi, lakini kila moja likipita unaingia majanini. Kwenye njia panda ya Mtambile tukakata kulia kuelekea Kengeja, na ghafla nikaanza kusikia mnyororo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kuwa baskeli ina sauti.

Hapo ndipo tulipojifunza mwendo halisi wa Pemba. Mpwa alikuwa na programu kwenye simu inayopima kilomita kwa saa. Ikawa haina maana, kwa sababu huku hupiti mtu bila kumsalimu, na salamu si kupunga mkono. Mzee aliyekaa barazani akikuona anakaa sawa kukungojea. Ukirusha "Asalaam alaykum" huku unakanyaga, unajibiwa vizuri, lakini mgongoni unasikia kabisa kwamba umepungukiwa adabu. Lazima uteremke mguu mmoja. Kwema? Kwema. Nyumbani hawajambo? Watoto? Safari? Kisha ndiyo unaruhusiwa kwenda. Baina ya Mtambile na Kengeja mpwa alihesabu vituo thelathini na moja, kisha akazima simu.

Kengeja tulifikia kwa jamaa wa marehemu baba. Mji huu ni katika miji ya mchezo wa ng'ombe, ule ambao Wapemba husema waliuchukua kwa Wareno, ingawa hapa ng'ombe hauawi. Anafungwa kamba ndefu, anachokozwa kwa kitambaa, watu wanaruka juu ya miti na wanawake wanaimba. Msimu wake haujafika, karafuu kwanza. Hata hivyo mwenyeji wetu alisimulia mchezo mmoja wa zamani kwa mikono, miguu na kiti, mpaka mkewe akaja kukinusuru kiti.

Jumatano, Kengeja hadi Pujini, na tulipolala

Upande huu wa mashariki umelala kuliko magharibi, na njia ni za mchanga na mawe, zile zinazopitwa na gari ya ng'ombe na mtu mwenye mzigo wa kuni kichwani. Katika saa tatu tulikutana na Vespa moja na Honda mbili. Zilizobaki zilikuwa baskeli: mvuvi na kapu lake la samaki, mwanafunzi aliyempakia mdogo wake mbele na mikoba nyuma, fundi seremala aliyebeba mlango mzima ubavuni. Kati ya wote hao hakuna aliyeona ajabu kwamba tunaendesha. Ajabu yao ni kuendesha bila mzigo.

Karibu na saa nne mnyororo wa mtumba ukakatika, na ulipokatika ukavuta kile kimkono cha kuhamishia gia kikaingia kwenye spoki. Mpwa alikaa chini akakishika kichwa chake. Tukasukuma mpaka kijijini, kwa fundi mwenye genge lake chini ya mwembe: mabati mawili, pampu, beseni la maji la kutafutia pancha na mipira ya ndani iliyotundikwa kama pweza wanaoanikwa. Akakitazama kile kimkono, akakizungusha, akauliza kwa upole kabisa, "Hiki kilikuwa chafanya kazi gani?"

Mpwa akaeleza. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakifungua, akakiweka kwenye mkoba wa mpwa kama mtu anayekurudishia kitu chako cha thamani, akaukata mnyororo ukawa mfupi, akauunga kwenye kijimeno kimoja cha katikati. Dakika ishirini.

"Sasa ina gia moja. Hiyo yatosha."

Elfu mbili, na kikombe cha maji. Nilitaka kumcheka mpwa nikamhurumia. Nilimcheka baadaye, kwenye kilima.

Pujini tulifika jua limepanda. Usitarajie kasri. Yapo maboma ya udongo yaliyoota majani, vipande vya ukuta wa mawe, mibuyu, na utulivu mwingi. Ngome hii ni ya karne ya 15, na mwenyewe anajulikana kwa jina la Mkama Ndume, maana yake mkamuaji wa wanaume. Hadithi inasema waliojenga kuta hizi aliwafanya wasogeze mawe huku wamekaa, wakiburura makalio yao ardhini. Nikiwa nimetoka siku ya pili juu ya kiti cha Phoenix, nilijihisi ni katika waliokamuliwa.

Lakini kilichonikaa zaidi ni kisima. Wanasema alikuwa na wake wawili wasioonana kwa wivu, basi akakigawa kwa ukuta: mmoja anashuka ngazi kuteka maji upande wake, mwengine anateremsha ndoo kwa kamba upande wa pili, kila mmoja asimwone mwenziwe. Mtawala aliyetiisha watu mpaka wakatambaa alishindwa na uke wenza. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hapa pia chumba cha chini ya ardhi chenye siwa iliyochorwa kwa chokaa ukutani, ile pembe ya enzi. Na palikuwa na mfereji wa kuingizia vyombo kutoka pwani hadi ngomeni. Tulikaa chini ya mti tukala muhogo wa kuchoma, hakuna aliyekuja wala kupita isipokuwa mbuzi.

Tulikusudia kulala mjini Chake Chake. Hatukufika. Jioni, njiani, tuliona nyumba iliyoanika karafuu uwani pote, majamvi kwa majamvi, nyekundu zikielekea weusi, na nyuma ya minazi wingu linakuja. Mvua ya mchoo. Mama mwenye nyumba alikuwa peke yake na wajukuu wawili. Hakutuomba. Alisema tu, "Nyie, baskeli ziwekeni pale," na sisi tukaanza kuanua. Karafuu iliyokwisha kukauka ikirowa inaharibika, na siku nne za jua zinapotea kwa robo saa. Tulikunja majamvi, tukajaza mapolo, tukayaingiza ukumbini, tone la kwanza likaanguka tukiwa na jamvi la mwisho.

Baada ya hapo hakukuwa na habari ya kwenda Chake. Wanawe walirudi shambani na pakacha na ngoe zao, roho zimewapaa, wakakuta wageni wawili wanakunywa chai. Usiku tulikaa mkekani kuchambua mbichi za siku ile: unashika kishada kiganjani, unasugua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Vidole vinakuwa vyeusi na pua inakufa ganzi. Mpwa aliuliza kwa nini Unguja hatuna haya. Mzee wa nyumba akamjibu kama aliyekuwapo: kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, huku kikapita mbali, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Akaongeza kwamba kilo tatu za mbichi hazitoi zaidi ya moja kavu, kwa hiyo anayeona karafuu mtini na kupiga hesabu ya pesa bado hajazipanda wala hajazianika.

Tulilala ukumbini, vichwa vyetu juu ya mapolo.

Alkhamisi, Chake hadi Wete

Chake tulipita upesi. Ngome ya zama za Waomani imefanywa makumbusho, ni ndogo na inafaa kwa nusu saa. Upande wa Wawi upepo ulileta harufu ya kiwanda kinachokamua mafuta ya makonyo, harufu ambayo kwa wakati huo tuliibeba sisi wenyewe mashatini.

Kutoka Chake kwenda Wete, wenye haraka hushika barabara mpya ya upande wa mashariki. Sisi tukashika kongwe. Kama mtu ana siku moja tu ya kuendesha baskeli Pemba, namwambia aende akaipande hii. Ni nyembamba, lami yake imeliwa pembeni kama mkate wa panya, na inajipinda mabondeni kama iliyopimwa na ng'ombe. Mikarafuu inafunga juu. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini marehemu baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akiitaja barabara hii alikuwa akitaja kivuli chake. Aliipita kwa Phoenix hii hii, na magunia. Mahali pengine karafuu zimeanikwa pembezoni mwa lami yenyewe, na gari moja moja linalopita linapunguza mwendo, linazunguka. Hiyo ndiyo heshima ya gari ninayoitaka.

Tukakata kwenda Kidike kuwaona popo. Hawa ni popo wakubwa wanaokula matunda, mabawa yao wakiyakunjua ni marefu kuliko mkono wa mtu, na duniani kote hawapatikani ila Pemba. Walikuwa wakiwindwa kwa nyama. Watafiti waliofika mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwakuta wachache mno, ikahofiwa kwamba wanatoweka. Wanakijiji wakaanza kuwalinda, na sasa wananing'inia kwenye miti mirefu kama miavuli iliyosahauliwa, wanagombana mchana kutwa. Mpwa alisema wanafanana na abiria wa meli ya jana. Juzi, nikamsahihisha.

Kilima cha mwisho kabla ya Wete sikiandiki.

Ijumaa, Wete na Mtambwe

Asubuhi nilishona. Mkoba wa mpwa ulichanika, na fundi mmoja wa Wete alinipisha cherahani yake nusu saa, akasimama nyuma yangu kunitazama mkono. Sote tulifurahi. Kahawa chungu, halua, swala ya Ijumaa, kisha Mtambwe Mkuu.

Mtambwe Mkuu unauona ukisimama bandarini Wete, ng'ambo ya ghuba, kama rundo la mikoko tu. Zamani ulikuwa mji. Mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walipata pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kama ukucha wa kidole, na chache za dhahabu za karne ya 11. Zile za fedha zimeandikwa majina ya watawala, mmoja wao Ali bin al-Hasan. Maana yake, watu wa Pwani walikuwa wakipiga pesa zao wenyewe miaka elfu iliyopita. Mimi nikiwa mtoto wa babu wa Mtambwe sikuambiwa hayo skuli. Niliambiwa habari za Vasco da Gama.

Baskeli tuliziacha Wete, tukavuka ghuba kwa mashua. Kutoka hapo hadi kwenye magofu, maji yakitoka panapitika kwa miguu, na mimi kwa ujuzi wangu nilipiga hesabu ya saa ya maji kutoka. Saa niliipatia. Nilichosahau ni kuhesabu mwezi. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza dema la kutegea samaki alituangalia tunakunja suruali.

"Leo maji mafu. Hayatoki yakaisha."

"Yatafika wapi?"

Akatazama kimo changu, akatazama cha mpwa. "Yeye kiunoni. Wewe juu zaidi."

Tulikwenda hivyo hivyo, viatu shingoni, matope ya mikoko yakitunyonya miguu. Mara mbili nilisimama kumngoja mpwa, mara tatu yeye alinivuta. Kule kuna mabaki ya kuta, vigae vingi chini, minazi, na bahari pande zote. Hakuna kibao. Nilikaa juu ya jiwe, suruali imeloa mpaka kifungoni, nikajaribu kuuona mji. Nikaona kaa. Mpwa aliokota kigae, nikamwambia akirudishe palepale, akakirudisha.

Jumamosi, Wete hadi Ras Kigomasha

Siku ndefu. Wete hadi Konde ni barabara nzuri na kuna magari, kwa hiyo nina machache ya kusema. Konde tulikunywa maji ya madafu mawili kila mmoja. Baada ya Konde lami inakwisha na msitu wa Ngezi unaanza, na hapo nikafunga mdomo.

Kuingia Ngezi kwa baskeli ni kama kuingia msikitini kutoka sokoni. Joto linakatika ghafla. Miti ni mirefu, imeshikana juu, na njia ya udongo mwekundu inapita katikati. Kuna mpapindi, mnazi mwembamba wa msituni ambao asili yake ni hapa Pemba tu. Watu wa Unguja hupenda kusema Pemba kuna uchawi, na msitu huu ndio wanaounyooshea kidole. Mpwa alikuwa amesikia hayo tangu yuko tumboni. Aliendesha karibu sana nami, gurudumu kwa gurudumu, akasema ni kwa sababu ya njia mbaya. Pametulia mno. Tumbili akatikisa tawi, na yule kijana wa kilo themanini akasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

Makangale, kisha njia inakuwa mchanga mtupu, na hapa chuma changu kilinishinda. Tulisukuma. Mnara wa Kigomasha ni wa chuma, mweupe, umesimama penye ncha ya kisiwa, mbele yake Mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita, maji yake buluu ya wino. Mlinzi alitoka, akazitazama baskeli.

"Mmetoka Konde?"

"Mkoani."

Alikaa kimya muda. Nikalingoja swali lile. Badala yake akainama, akaminya mpira wangu wa nyuma kwa kidole gumba, akasema, "Huu wataka upepo," akaenda kuleta pampu.

Jumapili, Tumbe, kisha nyumbani

Alfajiri Tumbe, dikoni. Ngarawa zinaingia, samaki wanamwagwa mchangani, mnada unakwenda mbio kiasi kwamba nilipokwaruza pua niliogopa nimenunua changu. Karibu na hapo ni magofu ya Chwaka, msikiti na makaburi, wanapomzika kwa hadithi Haruni, anayesemwa kuwa mtoto wa Mkama Ndume. Tulimsomea fatiha. Miguu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo tukapakia baskeli juu ya gari la abiria kurudi Mkoani. Utingo alizifunga vizuri kabisa, na akatutoza nauli ya watu wanne.

Bandarini askari alitusimamisha. Kutoa karafuu Pemba kwa mlango wa nyuma ni magendo, na hilo huku halina mzaha. Alisimama mbele yetu akavuta pumzi puani, mara moja, mara mbili.

"Mna karafuu."

"Hatuna, bwana."

"Nazisikia."

Akafungua mkoba wa mpwa: kimkono cha gia, pampu, kanzu. Akafungua wangu: daftari, sindano, shati la Jumatano. Akalinyanyua shati lile puani, akalinusa kwa makini, akanitazama. Nikamweleza habari ya wingu, majamvi, mapolo tuliyolalia.

"Kwa nani huko?"

Nikamtajia kijiji na nyumba ilivyo.

"Yule mama ni shangazi yangu," akasema, akalikunja shati, akalirudisha. "Ziliwahi zote?"

"Zote. Jamvi la mwisho ndilo lililopata tone moja."

Akachora msalaba wa chaki kwenye mikoba yetu, akatuonesha ngazi ya meli.